Kijiko Kisichotaka Kusimama

Mkono wa Mihayo ulikuwa wazi. Kija aliliona hilo kwa macho yake, amesimama kando ya mtaro na bakuli la michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga, alilomletea mumewe. Aliona vidole vimeachia leva, kiganja kimefunguka kama cha mtu anayemwachia kuku aende zake, na bado kijiko kikaendelea kwenda.

Trekta lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa la rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua, kimo chake hakimzidi sana dume la kulimia. Ila nyuma lilikuwa na mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono huo kijiko chenye meno, cha kuchimbia. Dereva hukaa ameipa injini mgongo, mbele yake zimesimama fimbo mbili za chuma zenye vichwa vyeusi. Hizo ndizo leva. Ukisukuma, kijiko kinakwenda, ukiachia, kinasimama. Ndivyo Mihayo alivyomweleza mkewe siku aliyolileta trekta nyumbani kwa mara ya kwanza, na Kija hakuisahau sentensi hiyo, maana ilimpendeza.

Sasa Mihayo alikuwa ameachia, na kijiko hakikusimama. Kilizunguka kushoto, pole pole, kama ng'ombe aliyeona majani mazuri ng'ambo. Kikapita juu ya mtaro, kikalifikia bomba la kijiji, kikalivunja shingo. Maji yakaruka juu kuliko kichwa cha dereva.

Watoto walishangilia. Wanawake waliokuwa wamepanga ndoo walipiga yowe. Mihayo akazima injini, akabaki amekaa, maji yakimnyeshea, anavitazama viganja vyake.

Tope lilikuwa halijaanza kukauka Mzee Athanasi alipofika na pikapu yake kutoka Maswa. Yeye ndiye mwenye trekta. Hakumsalimia mtu. Alimwita Mihayo mbele ya watu wote, akamsogelea mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Pumua."

"Mzee, mimi sinywi. Unajua."

"Nimesema pumua hapa."

Mihayo, mwanaume mwenye mke na mtoto, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Shishiyu, alifungua mdomo akapumua. Mzee Athanasi akanusa. Kuna mtu nyuma akasema, "Mzee, unasikia harufu ya supu ya makongoro?" Watu wakacheka. Kija aliinamisha macho, akaliangalia bakuli lake la michembe.

"Basi kama si pombe ni usingizi," Mzee Athanasi alisema. "Mwezi huu wote unachimba kwa kurukaruka, kama mtu anayefukuza panya. Watu wananiambia. Dereva wangu mwingine, Justine, anamalizia lambo kule Ipililo. Jumamosi nakuja naye hapa. Ukiwa huna cha kunieleza, funguo nampa yeye."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Pamba ya mwaka huu iliingiwa na wadudu ingali changa, na waliyovuna haikujaza hata kona ya chumba. Unga uliokuwa ukiingia katika nyumba ile uliingia kwa njia ya trekta.

* * *

Bomba lilipovunjika, Shishiyu ilirudi kwenye visima vya mchanga mtoni. Asubuhi yake Kija alikwenda huko na ndoo yake, na mwanawe Gloria mgongoni. Alijua yatakayomkuta. Hakuwahi wala hakuchelewa, alikwenda saa ileile anayokwendaga.

"Mwangaluka," aliwasalimia.

"Mwangaluka mhola," wanawake wakaitika, lakini kwa sauti ya chini. Kisha Winnie, jirani yake, akatoa kichwa ndani ya kisima.

"Shoga, mumeo akichoka kuvunja mabomba aje anivunjie kuni. Nina kisiki kimenishinda."

"Nitamwambia. Ila kisiki chako kisiwe na maji ndani."

Wakacheka, na Kija akacheka nao, maana ukicheka na wenzako kicheko kinapungua makali. Kisha akainama karibu na Winnie wakichota.

"Winnie, jana ulikuwa mbele kabisa. Kijiko kilipokwenda kwenye bomba, mkono wa mume wangu ulikuwa wapi?"

"Mkono gani?"

"Mkono wake. Huu, wa nyama."

Winnie akafikiri. "Mimi nilikuwa natazama kijiko, dada. Chuma kile kinakuja, nani atatazama mkono?"

Kija aliwauliza na wengine. Kila mmoja alikuwa ametazama kijiko. Alipanda ukingo wa mto na ndoo kichwani akiwaza kwamba kijiji kizima kilikuwepo, na jambo lenyewe limeonwa na mtu mmoja, tena kwa sababu alikuwa amebeba chakula na alitaka kujua mikono ya mumewe imebaki safi kiasi gani.

* * *

Jioni hiyo kulizuka maneno ya mafuta.

Mihayo aliinua chupa ya mafuta ya pamba iliyokaa karibu na jiko, akaitikisa. "Mama Gloria, haya si niliyaleta juzi tu?"

"Uliyaleta."

"Sasa yako wapi? Mboga tunayokula imechemshwa na chumvi. Unayanywa?"

Ilikuwa si mara ya kwanza. Mwezi huo chupa ilikuwa ikishuka kama ina tundu. Kija alikuwa ameitazama mpaka kwenye kitako, haina tundu. "Baba Gloria, sijui yanakokwenda," alisema. "Ningejua ningekwambia."

Mama yake Mihayo, Apolonia, alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage. Mikono yake haikusimama, ila ilianza kutupa na yaliyo mazima.

Kija akaliona hilo, akaliweka akilini. Alikuwa mtu wa kuweka. Darasa la saba ndilo lililokuwa mwisho wake, na tangu hapo alichotaka kukijua alikitazama mpaka kikachoka kujificha.

"Nionyeshe leva," alimwambia mumewe.

"Ili iweje?"

"Jana mkono wako ulikuwa wazi. Nilikuona. Uliachia kabla."

Uso wa Mihayo ukalegea, na Kija akaelewa kwamba tangu jana mumewe alikuwa hajiamini hata yeye mwenyewe. "Uliona kweli?" aliuliza. "Mimi nilishaanza kusema labda nilisinzia."

Trekta lililala nyumbani kwao, ubavuni mwa nyumba. Mwanga wa jua ulikuwa bado upo. Mihayo alimpandisha mkewe kwenye kiti cha nyuma, yeye akasimama kando akimfundisha kwa mazoea ya kazi: kwanza miguu yote miwili ya chuma iwe imekanyaga chini, trekta lisiyumbe, ukitaka kuligusa, liguse injini ikiwa imezimwa, kijiko kilale chini, halafu uzichezeshe leva kila upande ili nguvu iliyobaki kwenye mipira ya haidroli iishe. Na mpira ukivuja, usipapase kwa kidole kutafuta tundu. Pitisha kipande cha boksi. Oili inayotoka kwa nguvu inaingia kwenye nyama kama sindano.

"Na grisi?"

"Kila asubuhi napiga grisi kila pini ya mkono, mpaka ile ya zamani itoke. Hapo huwezi kunikosoa."

Kija akashika leva ya kushoto kwa vidole. Akaisukuma, akaiachia. Leva ilibaki ilikosukumwa. Baadaye kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, ikarudi nusu, ikasimama hapo.

"Hii hairudi," alisema.

Mihayo akaijaribu mwenyewe. Akaijaribu tena. "Ndiyo maana," alisema taratibu. "Inakuwa ngumu, nikilazimisha inaruka, nikiachia inabaki imeshikilia njia wazi. Kijiko kinadhani bado nakiambia nenda." Akajipiga paja. "Springi. Springi za ndani zimechoka. Kesho naenda Maswa kutafuta."

"Kwa hela ipi?"

"Nitaacha simu yangu dukani."

* * *

Alfajiri Mihayo alidandia lori la pamba. Kulipoanza kupambazuka vizuri Kija alitoka kwenda kumkamua ng'ombe wao mmoja, akasikia sauti ya mtu anaongea upande wa trekta. Ilikuwa sauti ya chini, ile ya kumtuliza mnyama.

"Tulia. Tulia mama. Leo huendi popote, lakini nakupaka hivyo hivyo."

Alichungulia kwenye kona ya nyumba. Apolonia alikuwa amepanda juu ya mguu wa trekta, khanga imefungwa kiunoni. Ile mipira miwili inayofunika mashina ya leva kuzuia vumbi alikuwa ameikunja juu, kama anayepandisha soksi za mtoto, na kwa kidole alikuwa anapaka chini yake kitu kutoka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Alipaka kwa kuzungusha, taratibu, kwa ufundi. Kija aliujua ufundi ule. Ndio aliofundishwa na mama huyuhuyu alipoolewa: chuchu ya ng'ombe usiivute kavu, ipake siagi kwanza.

Kija alirudi nyuma bila kukanyaga jani. Akakaa kwenye zizi, ndoo ya maziwa katikati ya magoti, hakukamua.

Angeweza kupiga kelele hapo hapo. Mafuta yaliyomfanya aitwe mlafi katika nyumba yake yalikuwa pale, kwenye kichupa. Na mumewe aliyenuswa mdomoni kama mwizi, na simu yake iliyokuwa njiani kwenda kubaki dukani. Lakini kilichomshika zaidi kilikuwa swali. Siagi humlainisha ng'ombe. Grisi hulainisha pini. Mbona haya mafuta yaizuie leva kurudi? Alifikiri huku ng'ombe akimgeukia kumuuliza kwa macho kulikoni. Kisha akasimama, akaenda jikoni, akachukua kikaango.

Apolonia alikuwa ameshashuka, amekaa kwenye kigoda chake kana kwamba hakuwahi kuondoka. Kija alipiga goti akamsalimia, halafu akakigeuza kikaango chini juu.

"Mayu, hapa mgongoni na ukingoni kimefanya nini?"

"Si uchafu tu. Mafuta yakichuruzika yakikaa na moto na vumbi yanaganda. Huwa nakisugua kwa mchanga mpaka mkono unauma. Kwani leo ndiyo umekiona?"

"Mafuta haya haya ya pamba?"

"Haya haya. Ya alizeti nayo…" Apolonia aliacha. Kidole gumba chake kilikuwa kimegusa ule utando wa kahawia unaonata, kikabaki hapo. Macho yake yakaenda ubavuni mwa nyumba.

Mama mkwe akainuka mwenyewe, akatembea mpaka kwenye trekta, akaupandisha mpira wa leva, akaingiza kidole mpaka chini kabisa, mahali ambapo asubuhi zote hakufika kwa sababu alikuwa anapaka juu. Kidole kilitoka cheusi. Alikisugua kwa kingine, vikagandana, vikaachana kwa sauti ndogo.

"Ni kitu kimoja," alisema.

"Ni kitu kimoja, mayu. Na jua lote hili, na vumbi la mbuga."

Apolonia akakaa juu ya mguu wa trekta. "Alirudi siku moja akanionyesha viganja. Vimechubuka. Akasema mayu, leva zimekauka zinanikwangua. Mimi najua mashine? Najua ng'ombe. Nikapaka kidogo. Jioni akarudi anacheka, anasema leo zimelainika. Sasa ningeachaje? Kila zilipokuwa ngumu nikasema labda nimepunguza, nikaongeza." Akaongeza bila kumtazama mkwewe, "Na wewe ukaulizwa mafuta mbele yangu, nikachambua maharage."

"Uliyatupa mazima, mayu. Kuku wameshukuru."

Mama mkwe hakucheka, ila pumzi ilimtoka. "Kwa hiyo bomba nimevunja mimi."

"Tutamwambia Mzee Athanasi ni vumbi."

"Vumbi gani lina harufu ya maandazi?"

* * *

Mihayo aliporudi mchana, hana simu, ameiacha dukani kama dhamana ya springi zitakazoagizwa, aliwakuta mama yake na mkewe weusi mpaka viwiko. Walikuwa na kopo la dizeli, mswaki mkuukuu na matambara, wameiacha mipira ya vumbi ikining'inia juu ya kamba ya nguo.

"Nani amewaruhusu kufungua?"

"Injini imezimwa, kijiko kimelala chini, leva tumezichezesha," Kija alijibu. "Tumesahau nini ulichonifundisha?"

Apolonia alimweleza mwanawe mwenyewe, kwa Kisukuma, kwa maneno machache. Mihayo alisikiliza, mdomo umeachama. Kija alidhani atafoka. Badala yake alijilaza chali chini ya kiti, akachungulia pale vyuma vya leva vinapoungana na valvu.

"Springi nzima!" sauti yake ilitoka chini. "Nzima kabisa, zimefungwa na gundi tu. Uchafu huu wote ningeuona kama ningefunua mpira siku moja. Nimepiga grisi kila pini inayoonekana, hapa sikuwahi kufunua. Nilisema kumefunikwa, kuko safi." Akajitoa, akamtazama mama yake. "Mayu, mimi ndiye dereva. Si wewe."

Walisafisha mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye zizi. Kila kiungo Mihayo alikitia dizeli, akakisugua, akakifuta kikauke, akakipa oili tone tu, ile nyepesi ya cherehani aliyoazima kwa fundi nguo. Kija akawa anasukuma leva na kuiachia, kusukuma na kuachia. Mwanzoni ilirudi kama mzee anayeinuka. Halafu ikarudi kama kijana. Mwisho ilimponyoka kwenye vidole ikarudi katikati kwa mlio mmoja, *ta*, na Gloria aliyekuwa chini akapiga makofi, akataka irudiwe.

* * *

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Bomba lilikuwa limeungwa na fundi wa kijiji kwa gharama ya Mzee Athanasi, na pembeni yake kipande cha mtaro kilibaki, kipande kibaya, kinachopita karibu kabisa na bomba. Justine alikuwa amesimama na miwani ya jua, anatafuna kijiti.

"Chimba hapo," Mzee Athanasi alimwambia Mihayo. "Ukiligusa tena, ushuke."

Mihayo alishusha miguu ya trekta, akaisawazisha. Akapunguza moto wa injini mpaka ikanguruma kwa chini. Akashika leva kwa ncha za vidole, si kwa ngumi kama alivyozoea mwezi ule wa tabu, akazisukuma zote mbili kwa pamoja, moja kidogo, nyingine kidogo zaidi. Mkono ukanyooka na kijiko kikajikunja kwa wakati mmoja, bila kuruka. Kikashuka, kikala udongo, kikainuka. Kikageuka kushoto kuelekea bomba.

Kija alikuwa hatazami kijiko. Aliona kiganja kinafunguka.

Kijiko kikasimama. Kati ya meno yake na bomba palikuwa na nafasi ya kupitisha ndoo.

"Safari hii nimetazama mkono," Winnie alimnong'oneza. "Kumbe ndiko kwenyewe!"

Mtaro ulipokwisha Mzee Athanasi aliutembea mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma. "Ilikuwa nini?"

"Chini ya leva palijaa uchafu, mzee. Zilikuwa hazirudi. Ni uzembe wangu, sikuwahi kufunua."

"Uchafu gani?"

Kabla Mihayo hajajibu, Apolonia akawapita wanawake wenye ndoo akaja mpaka mbele.

"Mafuta ya pamba. Nilipaka mimi. Nilidhani ni kama ng'ombe."

Kicheko kilianzia kwa Justine. "Mama, ulitaka kukikaanga kijiko?"

"Cheka, baba, cheka. Wewe mama yako alikusahau kukupaka, ndiyo maana umekauka hivyo."

Sasa kijiji kizima kilicheka, na Justine akaitoa miwani akaifuta. Mzee Athanasi peke yake hakucheka. Alimtazama yule mama, akautazama mtaro, akayatazama maji yaliyokuwa yanatiririka kwenye ndoo.

"Bomba nitalikata kwenye malipo yako mpaka liishe," alimwambia Mihayo. "Funguo kaa nazo. Na chini ya leva pawe panafunuliwa kila wiki, na mtu mwingine asiguse." Akaenda kwenye pikapu yake. Kuhusu kile kinywa alichokinusa mbele za watu hakusema neno, na Mihayo alisimama akiitazama pikapu mpaka vumbi likatulia, kama mtu anayesubiri chenji yake.

Watu walipotawanyika Apolonia hakuondoka. Alilizunguka trekta, akagusa mpira wa vumbi kwa mgongo wa kidole.

"Mihayo. Mwezi mzima nimekipaka, sijawahi kujua kinafanyaje."

"Mayu, mzee amesema mtu asiguse."

"Mzee ameshafika wapi?"

Kija akatazama barabara. "Sasa hivi ameshavuka mto," alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Wakampandisha. Mihayo akawasha injini kwa moto mdogo, akasimama ubavuni, mkono tayari kwenye swichi ya kuzimia. Apolonia alishika leva kwa vidole vitatu, vilevile anavyoshika chuchu ya ng'ombe mwenye wasiwasi, akaisukuma kidogo. Mkono wa chuma ukainuka mbele yake, pole pole, udongo mweusi ukidondoka kwenye meno ya kijiko. Ukapanda mpaka akalazimika kuinua kidevu kuutazama.

Akaachia.

Kijiko kikasimama hewani.

"Kimesimama," alisema.

"Ndiyo, mayu. Ukiachia, kinasimama," Kija alisema.

Apolonia alikuwa amekigeuza kiganja chake juu, wazi, anakitazama.